Tumbo Lisiloonekana: Mhadhara kuhusu Picha za Njia ya Chakula na Njia ya Mkojo

Tumbo la binadamu ni gumu kupigwa picha kuliko sehemu nyingi za mwili, na ugumu huo unatokana na jambo moja ambalo ni rahisi kulieleza: karibu kila kilichomo ndani yake kimeshehenezwa maji. Mfupa huonekana katika picha ya eksirei kwa sababu una kalisi nyingi inayozuia mionzi, na pafu huonekana kwa sababu limejaa hewa ambayo mionzi huipita bila kizuizi. Lakini ini, wengu, kongosho, figo, kibofu cha mkojo na kuta za utumbo ni nyama laini zenye maji mengi, hivyo mionzi hupita katika zote kwa kiasi kinachokaribiana na kuacha kwenye filamu wingu moja la kijivu ambalo hata jicho lililozoea hupata taabu kulisoma. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa picha za tumbo wamekuwa wakitafuta namna ya kutenganisha kijivu na kijivu, mara kwa kumlisha mgonjwa kitu kizito, mara kwa kumdunga dawa, mara kwa kuacha mionzi kabisa na kutumia sauti. Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba kila chombo kilichopatikana njiani hujibu maswali ya aina yake, na kwamba picha iliyopigwa bila swali huleta kivuli kitupu, hata kama mashine iliyoipiga imegharimu mabilioni ya shilingi.

Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua mionzi ya eksi mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895, picha iliyosambaa duniani ilikuwa ya mifupa ya mkono, na tumbo likaachwa kando kwa sababu hiyo iliyokwisha kutajwa. Hata hivyo picha ya kawaida ya tumbo, yaani ile inayopigwa bila kumpa mgonjwa dawa yoyote, haikosi la kusema, kwa kuwa tumboni kuna vitu viwili visivyofanana na maji, navyo ni hewa na madini. Kidonda cha tumbo kinapotoboka, hewa hutoroka na kupanda juu, na mgonjwa akipigwa picha ya kifua akiwa amesimama, hewa hiyo huonekana kama hilali nyeusi kati ya kiwambo na ini. Alama hiyo ndogo hutosha kumpeleka mtu chumba cha upasuaji usiku uleule. Utumbo mpana unapojisokota, jambo ambalo madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki hukutana nalo mara kwa mara, kitanzi kilichozibwa pande zote mbili huvimba kwa hewa na kuchora kwenye filamu umbo la punje kubwa ya kahawa, umbo ambalo watu wa Bukoba na Moshi hawahitaji kuelezwa. Vijiwe vya figo vyenye kalisi huonekana vyeupe, ilhali vile vya asidi ya yuriki havionekani kabisa katika picha ya aina hii, na mgonjwa mwenye vijiwe hivyo anaweza kurudishwa nyumbani akiambiwa kwamba picha yake ni safi, huku akiendelea kujinyonganyonga kwa maumivu. Picha yake haikudanganya. Iliulizwa jambo ambalo haina uwezo wa kulijibu.

Njia ya kwanza ya kutoka katika kijivu ilikuwa kumlisha kiumbe kivuli. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1896, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Walter Cannon alianza, kwa ushauri wa mwalimu wake Henry Bowditch, kuchunguza kwa mionzi hiyo mipya namna chakula kinavyomezwa. Alianza na mbwa aliyemezeshwa kifungo, kisha akaja bata bukini aliyefungiwa ndani ya sanduku, shingo yake ndefu ikiwa nje, akamezeshwa chakula kilichotiwa chumvi ya bismathi. Bismathi ni metali nzito inayozuia mionzi, kwa hiyo kila tonge lililochanganywa nayo lilionekana likiteremka kooni kama doa jeusi kwenye kioo kinachong'aa. Baadaye Cannon alihamia kwa paka, na katika makala aliyoichapisha mwaka 1898 alieleza mawimbi ya misuli yanayopita katika mfuko wa tumbo na kusukuma chakula kuelekea utumbo mwembamba, jambo ambalo kabla ya hapo lilijulikana kwa kupasua wanyama au kwa kubahatisha tu. Aliona pia kitu ambacho hakukitafuta: paka alipohangaika au kukasirika, mawimbi yalisimama ghafla, na alipotulia yakarudi. Juu ya kusimama huko ndiko alikojenga, miaka mingi baadaye, elimu ya namna mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, hata ikawa kwamba sayansi ya hofu ilichipuka kwenye tumbo la paka lililojaa bismathi.

Bismathi ilikuwa na kasoro yake. Chumvi iliyotumika zaidi iliweza kugeuzwa na bakteria wa utumbo kuwa sumu, na vifo vikatokea, ndipo mwaka 1910 watafiti wa Ujerumani wakapendekeza mahali pake salfeti ya bariamu, unga mweupe usioyeyuka. Kutoyeyuka huko ndiko kunakomwokoa mgonjwa, kwa maana bariamu ni sumu na chumvi zake zinazoyeyuka huua, lakini salfeti haiyeyuki katika maji wala katika asidi ya tumbo, hivyo hupita njia yote ya chakula kama msafiri asiyefungua mzigo wake, ikatoka kama ilivyoingia. Uji huo mweupe, ambao wagonjwa huusifia kwa shida kwa kuwa una ladha ya chokaa, bado unanywewa katika idara za radiolojia, isipokuwa pale daktari anaposhuku kwamba njia ya chakula imetoboka; ukimwagika ndani ya utando wa tumbo huleta uvimbe mbaya, na hapo hutumika dawa ya iodini inayoyeyuka na kunyonywa na mwili.

Uwezo wa uji wa bariamu huonekana vizuri zaidi kwenye umio, mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayosumbuliwa sana na saratani ya umio, na nyanda za juu za Kenya pamoja na mkoa wa Kilimanjaro ni sehemu ya ukanda huo. Sababu zake bado zinachunguzwa. Moja kati ya zinazotajwa ni vinywaji vya moto mno, ambavyo mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka katika kundi la mambo yenye uwezekano wa kusababisha saratani pale vinaponywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Mgonjwa huanza kwa kueleza kwamba ugali unakwama, baada ya wiki kadhaa uji nao unakwama, mwishowe hata maji. Akinywa bariamu, picha huonyesha umio uliopanuka kwa juu ukibanwa ghafla, kingo zake zikiwa zimeparuzika, na uji ukipenya kidogo kidogo kupitia njia nyembamba kama mkia wa panya.

Ni kweli kwamba endoskopia, yaani uchunguzi kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, imechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na imeichukua kwa haki, kwa sababu inaweza kukata kipande kidogo cha nyama kikapimwe maabara, na bila kipande hicho hakuna mtu anayepaswa kuambiwa kwa uhakika kwamba ana saratani. Lakini waliofanya haraka kuitangaza bariamu kuwa kitu cha makumbusho walikosea. Mpira wa kamera hukwama pale chakula kinapokwama, ilhali uji hupenya na kuonyesha urefu wa sehemu iliyobanwa na hali ya chini yake. Na kama ugonjwa umetoboa tundu kati ya umio na mrija wa hewa, dawa inayonywewa ndiyo inayoonyesha vizuri chakula kinakoingilia mapafuni, ingawa kwa kazi hiyo daktari huchagua aina isiyodhuru mapafu.

Si lazima mwili wenyewe upigwe picha ndipo njia ya chakula ichunguzwe. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi miaka mingi Uganda na ambaye jina lake limebaki katika saratani ya tezi za watoto, alichapisha mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, matokeo ya utafiti uliotumia vipande vidogo vya plastiki vinavyozuia mionzi. Watu walivimeza, kisha choo chao kikakusanywa kwenye mifuko na mifuko hiyo ndiyo iliyopigwa eksirei, vipande vikahesabiwa, na ikajulikana chakula kinachukua muda gani kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Wanavijiji wa Uganda, waliokula vyakula vyenye makapi mengi, walitumia takribani siku moja na nusu. Waingereza waliokula mkate mweupe walitumia takribani siku tatu. Madai makubwa ambayo Burkitt aliyajenga juu ya tofauti hiyo yamebishaniwa sana tangu hapo, lakini njia yenyewe imeendelea kutumika katika kuchunguza watu wenye kufunga choo sugu, na ustadi wake unastahili kusifiwa: swali lilikuwa la muda, likajibiwa bila mtu yeyote kupigwa mionzi.

Njia ya mkojo haiwezi kulishwa uji. Kinachofika kwenye figo kimetoka katika damu, kwa hiyo aliyetaka kuonyesha figo kwa mionzi alikuwa na njia mbili tu, ama apande kutoka chini kwa mpira unaopitishwa kwenye kibofu, ama aipeleke dawa katika damu na kuiacha figo yenyewe iichuje. Njia ya kutoka chini ilijaribiwa Ujerumani mwaka 1906 na Fritz Voelcker na Alexander von Lichtenberg kwa dawa yenye fedha, na ilionyesha mirija ya figo vizuri lakini kwa maumivu na kwa hatari. Njia ya damu ilifunguka kwa bahati. Mwaka 1923 madaktari wa Mayo Clinic huko Rochester, Minnesota, akiwemo Earl Osborne, walitoa taarifa kwamba wagonjwa wa kaswende waliotibiwa kwa dozi kubwa za iodaidi ya sodiamu walikuwa na mkojo unaoonekana kwenye eksirei, kwa kuwa iodini, kama bismathi, ina atomu nzito zinazozuia mionzi. Picha zenyewe zilikuwa hafifu mno kumsaidia daktari, na kuongeza dozi kungemuumiza mgonjwa.

Ufumbuzi uliletwa na kijana wa Marekani, Moses Swick, aliyekwenda Ujerumani kwa masomo na kukuta mjini Altona dawa za iodini zilizotengenezwa na wakemia Arthur Binz na Curt Räth kwa ajili ya kutibu maambukizi. Swick alitambua kwamba dawa inayotoka kwa wingi kupitia mkojo, tena ikiwa na iodini ndani yake, inaweza kuchora figo kutoka ndani. Baada ya majaribio na marekebisho, kazi aliyoikamilisha Berlin katika hospitali ya yule yule von Lichtenberg, picha za kwanza zilizo wazi zilionyeshwa mwaka 1929 katika mkutano wa madaktari wa njia ya mkojo mjini Munich, na dawa ikaitwa Uroselectan. Ugomvi wa nani apewe sifa ulidumu miaka mingi, na sifa ya Swick ilikubalika waziwazi pale yeye mwenyewe alipokuwa ameshazeeka.

Kipimo kilichotokana na hapo kilitawala kwa zaidi ya nusu karne. Mgonjwa alidungwa dawa mshipani, kisha akapigwa picha kwa zamu: baada ya dakika chache figo zikang'aa, kisha mirija inayoteremsha mkojo ikachorwa, na mwisho kibofu kikajaa. Uzuri wake haukuwa umbo peke yake. Figo iliyochelewa kung'aa ilikuwa imesema kitu kuhusu kazi yake, na mrija uliokatika ghafla ulionyesha mahali kijiwe kilipokwama. Wapo walioguswa na mzio wa dawa, na wenye figo dhaifu walihitaji tahadhari, mambo ambayo hayajaondoka hata leo pale dawa ya iodini inapotumika katika mashine mpya zaidi.

Hatua iliyoigusa Afrika Mashariki kwa undani kuliko zote haikutumia mionzi. Altrasaundi hutuma mwilini mawimbi ya sauti yenye mitetemo takribani milioni mbili hadi tano kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu haliwezi kusikia zaidi ya mitetemo 20,000, kisha husubiri mwangwi. Sauti husafiri katika nyama laini kwa kasi ya takribani mita 1,540 kwa sekunde, hivyo kompyuta ikijua mwangwi umechukua muda gani hujua ulikotoka, na kutokana na mamilioni ya miangwi hiyo huchora picha inayotembea. Hapa kile kilichokuwa adui wa eksirei kikageuka rafiki: maji, ambayo hayarudishi mwangwi, huonekana meusi tii, hivyo mkojo katika kibofu, nyongo katika mfuko wake na damu katika mishipa hujitenga wazi na nyama inayovizunguka. Kijiwe hung'aa na kuacha nyuma yake kivuli kirefu. Hewa nayo, iliyokuwa msaada kwenye eksirei, hapa ni pazia, kwa sababu hurudisha karibu sauti yote. Ndiyo maana mgonjwa hupakwa ute wa baridi tumboni ili hewa isibaki kati ya ngozi na chombo, na ndiyo maana kongosho, ambalo limejificha nyuma ya tumbo lenye gesi, huwatoroka wapimaji wengi.

Ian Donald, profesa wa magonjwa ya wanawake mjini Glasgow, alianza mwaka 1955 kwa kuazima kifaa cha kiwandani kilichotumika kutafuta nyufa katika vyuma, akakijaribu kwenye vimbe zilizokatwa mwilini na kuzilinganisha na mnofu wa ng'ombe. Miaka mitatu baadaye, pamoja na daktari John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alichapisha katika jarida la Lancet makala iliyohusu vimbe za tumbo. Miongoni mwa wagonjwa wao alikuwemo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya tumbo isiyoweza kupasuliwa, ambaye mwangwi ulionyesha kwamba tumbo lake lilijazwa na mfuko mkubwa wa maji. Mfuko ukaondolewa, mwanamke akapona. Swali aliloulizwa Donald lilikuwa jepesi kabisa, kama kilichomo ni maji au ni nyama, na chombo chake kilikuwa kimeumbwa kwa ajili ya swali hilo hasa.

Swali hilohilo lilisafiri hadi Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, eneo lililojulikana kwa kuwa na viwango vya juu kabisa duniani vya ugonjwa wa mifuko ya maji unaosababishwa na mnyoo tegu mdogo wa mbwa. Mnyoo huishi katika utumbo wa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza, kiluwiluwi husafiri kwa damu hadi kwenye ini na kujenga mfuko unaokua taratibu kwa miaka, pengine hadi tumbo likaonekana kama la mjamzito. Katika miaka ya 1980 watafiti walioshirikiana na shirika la afya la AMREF walibeba mashine ndogo za altrasaundi hadi kwenye makazi ya wafugaji wanaohamahama, na mwaka 1987 wakachapisha matokeo yaliyolinganisha mashine hiyo na vipimo vya damu. Altrasaundi ilishinda. Damu ya wagonjwa wengi haikuonyesha chochote, ilhali mfuko wenyewe ulikuwa dhahiri machoni mwa mpimaji, mweusi na mviringo ndani ya ini. Uzoefu wa Turkana ulichangia mfumo ambao Shirika la Afya Duniani liliuchapisha mwaka 2003, unaoipanga mifuko hiyo kwa sura yake kwenye altrasaundi, tangu iliyo hai hadi iliyokufa na kugeuka chokaa. Faida ya mpangilio huo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mfuko mchanga unaweza kutibiwa kwa dawa au kunyonywa kwa sindano, mwingine unahitaji kisu, na uliokufa huachwa. Kumwambia mtu kwamba kilicho kwenye ini lake hakihitaji kuguswa ni matibabu pia.

Kichocho ni mfano wa pili, na kwa msomaji wa pwani na wa Kanda ya Ziwa ni wa karibu zaidi. Minyoo ya ugonjwa huu iligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851, lakini ugonjwa ni mkongwe kuliko hospitali zote, kwani mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai yake katika figo za maiti zilizokaushwa za Misri za takribani miaka 3,000. Unguja na Pemba kuna kichocho cha mkojo. Kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kimeenea. Katika aina ya kwanza minyoo hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na madhara hayaletwi sana na minyoo yenyewe bali na mayai yanayonasa kwenye nyama na kuifanya iwe ngumu. Altrasaundi huonyesha ukuta wa kibofu ulionenepa, vinundu vinavyochomoza ndani, na katika hali mbaya mirija iliyozibwa na figo iliyojaa mkojo usiopata njia. Ugonjwa wa miaka mingi huweza kukipaka kibofu chokaa, hata picha ya eksirei ya kawaida ikaonyesha duara jeupe nyongani linalofanana na kichwa cha mtoto aliye tumboni mwa mama. Na tangu mwaka 1994 mnyoo huo umo katika orodha ya mambo yaliyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Katika aina ya pili mayai hupelekwa na damu hadi kwenye ini, na makovu hujengeka kando ya matawi ya mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni. Daktari Symmers, aliyekuwa Cairo, aliyafananisha mwaka 1904 na vijiti vya kiko cha udongo vilivyochomekwa ndani ya ini, na ndivyo yanavyoonekana kwenye altrasaundi leo, mistari minene myeupe iliyozunguka njia nyeusi za damu. Mwenye makovu hayo anaweza siku moja kutapika damu kutoka kwenye mishipa iliyovimba ya umio.

Wataalamu waliokutana Niamey, Niger, mwaka 1996 walikubaliana namna moja ya kupima na kuandika mabadiliko haya, ili kilichoonwa Mwanza kiweze kulinganishwa na kilichoonwa Senegal au Misri. Kutokana na vipimo vya namna hiyo imefahamika kwamba kwa watoto wengi waliopewa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo hiyo, kibofu hurudi katika hali nzuri ndani ya miezi kadhaa, ilhali makovu ya ini ya mtu mzima hayaondoki kirahisi. Hiyo ni hoja ya kutibu mapema, nayo imetolewa na mashine inayobebeka begani.

Baada ya hayo, mashine ya CT inaweza kupewa nafasi yake bila kuabudiwa. Hesabu zake za awali zilifanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye mwaka 1956 alikuwa mwanafizikia mjini Cape Town na alikuwa akisaidia katika idara ya mionzi ya hospitali ya Groote Schuur. Makala zake za mwaka 1963 na 1964 hazikusomwa na watu wengi. Mashine yenyewe ilijengwa na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, ikampiga picha mgonjwa wa kwanza, ya kichwa, tarehe 1 Oktoba 1971, na wawili hao wakagawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Bomba la mionzi huzunguka mwili, na kompyuta hukokotoa kila nukta ya kipande kilichokatwa imezuia mionzi kiasi gani, kisha huipa tarakimu: maji sifuri, hewa kasoro 1,000, mafuta karibu kasoro 100, nyama laini makumi machache juu ya sifuri. Kijivu kikawa namba. Kijiwe cha asidi ya yuriki, kilichojificha kwenye eksirei kwa miaka yote ile, hapa hutokeza wazi bila dawa yoyote kudungwa, na kwa maumivu makali ya ubavuni CT isiyo na dawa imekuwa kipimo kinachoaminiwa kuliko kingine.

Bei yake, mbali na ile inayolipwa dirishani, ni mionzi. CT moja ya tumbo huleta takribani milisiveti 8 hadi 10, na kwa kuwa mtu wa kawaida duniani hupata takribani milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani, kipimo hicho kimoja ni sawa na miaka mitatu hadi minne ya mionzi ya asili. Kwa mgonjwa wa ajali anayevuja damu kiasi hicho si kitu. Kwa mtoto mwenye tumbo linalouma tangu jana, ambaye altrasaundi ingeonyesha kidole tumbo kilichovimba au utumbo uliojiingiza ndani ya mwenzake, ni deni lisilo na sababu. MRI, mashine inayotumia sumaku, haina mionzi, na kwa kutumia majimaji yaliyomo ndani yake kama wino huchora mirija ya ini na kongosho bila sindano, ila ni ghali na polepole.

Liko jambo ambalo hakuna mashine kati ya hizo inayoweza kulirekebisha. Neno tumbo katika Kiswahili hubeba mfuko wa chakula, eneo zima chini ya mbavu, na hata ujauzito, na mgonjwa anayesema tumbo linauma anaweza kuwa anazungumzia ini, figo, kibofu au mji wa mimba. Fomu ya kuombea picha inapofika kwa daktari wa radiolojia ikiwa imeandikwa "maumivu ya tumbo" na hakuna zaidi, kijivu cha filamu kimeongezewa kijivu cha lugha. Maneno machache, kwamba maumivu yameanza saa sita zilizopita upande wa kulia yakateremka hadi kinenani, kwamba mkojo una damu, kwamba mgonjwa ametoka kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, yangeamua ni chombo gani kitumike na jicho litazame wapi. Uandishi wa fomu hiyo haugharimu chochote, na ndio unaopuuzwa kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anayekwenda kupimwa mfuko wa nyongo kwa altrasaundi asile kwa saa sita hadi nane, kwa sababu chakula huufanya mfuko huo ujikamue na kusinyaa. Anayekwenda kupimwa kibofu au tezi dume anywe maji na asikojoe kabla ya kuitwa, kwa kuwa kibofu kitupu hakisomeki. Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani huenda anayo, aseme kabla ya kuingia chumba cha eksirei au cha CT, na aliyewahi kupata mzio wa dawa ya picha aseme kabla ya sindano. Picha za zamani na majibu yake zitunzwe ndani ya bahasha na zibebwe kila mara, maana kitu cha kwanza ambacho msomaji mzuri wa picha huulizia ni picha iliyotangulia.